Gari inajikamata breki yenyewe nikiwa kwenye mwendo na mguu uko kwenye mafuta, naombeni msaada

MamaWawili_Dom

Habari zenu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Nina shida na gari na imefika mahali naogopa hata kuiwasha, naomba mwenye uelewa anisaidie kabla sijaua mtu.

Gari ni minivan ya siti nane, automatiki, ya mwaka 2008, imetoka Japan na niko nayo mwaka wa tatu sasa, haijawahi kunisumbua zaidi ya sevisi za kawaida. Aina sitaitaja maana sijui bado kosa ni la gari au la sisi tunaoishika. Naitumia kupeleka watoto shule, na mara mbili kwa mwezi naenda Kibaigwa kuchukua mafuta ya alizeti, nakunja siti za nyuma napakia madumu narudi nayo mjini.

Sasa wiki mbili zilizopita natoka Kibaigwa, nimeshapita Mbande naitafuta Buigiri, barabara imenyooka, mwendo kama 80 hivi, mguu uko kwenye mafuta, ghafla gari ikakamata kama kuna mtu kakanyaga breki kwa nguvu zote. Usukani ukavuta kulia, nikasikia grrrr huko mbele chini ya boneti, madumu yakaja yakagonga mgongo wa siti yangu. Kama sekunde moja au mbili halafu ikaachia yenyewe. Nilijua nimegonga mbuzi. Nikaweka gari pembeni nikashuka nikaizunguka yote, hakuna mbuzi, hakuna jiwe, matairi mazima. Nikaja taratibu mpaka nyumbani haikurudia.

Mara ya pili ni juzi Jumanne hapa Nzuguni, natoka kwenye barabara ya vumbi yenye mabonde nimeshaingia lami, hata 40 sijafika, ikakamata tena vile vile. Nyuma yangu kulikuwa na bodaboda kabeba mtoto wa shule, yule kijana akanikwepa kwa pembeni akakwangua ubavu wa gari na hendo yake. Mungu alisaidia hawakuanguka. Nilivyoshuka kumwomba msamaha akaniambia mama taa zako za breki hazijawaka kabisa, mi ningejuaje unasimama? Nikamwomba akae nyuma aangalie, nikakanyaga breki mwenyewe, taa zote tatu zinawaka. Kwa hiyo nikikanyaga mimi zinawaka, gari ikijikamata yenyewe haziwaki. Hiki kitu kimeninyima usingizi, maana kule njia ya Morogoro nyuma yako kuna basi na malori ya mizigo muda wote, na wao wanategemea taa yangu.

Fundi wa kwanza baada ya ile ya Buigiri alisema ni pedi, akabadilisha mbele zote mbili, na ndo hiyo ya Nzuguni ikatokea na pedi mpya. Sasa hivi anasema ni masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, anataka laki tatu na nusu ya used. Hela ninayo ila sitaki kununua kwa kubahatisha. Watoto nawapeleka na bajaji tangu Jumanne.

Kijana wa Kizota

Pole sana dada. Mimi yangu ilikua inakamata nikakuta kalipa ya mbele kushoto, ile inayobana pedi kwenye disiki, zile pini zake zimekauka grisi na vumbi limejaa, pistoni hairudi. Ukitoka safari ya kama kilomita kumi sogeza mkono karibu na rimu moja moja, usiguse disiki utaungua, ile yenye joto kuliko wenzake ndo mchawi wako. Hapa Dodoma vumbi linaua kalipa kuliko kitu kingine chochote.

dereva_saranda

Mbukwenyi wote. Dada pole, na mimi nikupe yangu maana ilinipata mwaka jana na ilikua ni uzembe wa mtu mmoja tu wa gereji.

Nilikodiwa na watu wa harusi kutoka Manyoni kuja Dodoma, gari kama hiyo yako ya siti nane, imejaa. Siku mbili kabla niliipeleka kwa kijana aangalie mafuta ya breki, akaongezea kidogo, mi nikalipa nikaondoka. Tunashuka mlima wa Saranda breki zinashika vizuri tu, ila kila nikikanyaga naona pedali inazidi kua juu na ngumu. Tulivyofika chini kwenye tambarare ya Bahi gari ikaanza kua nzito, nakanyaga mafuta haiendi, harufu ya kuungua, mama mmoja nyuma akasema kuna moshi. Kusimama ndo ikawa kusimama kweli, gari imejifunga miguu yote minne haisogei mbele wala nyuma. Watu wa harusi wamevaa wamependeza wako juani pale Bahi saa saba mchana.

Nikampigia mzee mmoja fundi ninayemuamini akaniambia chukua spana namba kumi, fungua ile nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa, kidogo tu, uwe mbali uso. Nilivyofungua yakaruka mafuta kwa presha na mguu ule ukaachia hapo hapo. Nikafanya yote minne. Lakini kilichonishtua ni rangi, yale mafuta yalikua mekundu mekundu. Nikafungua kopo la mafuta ya breki pale juu, ile raba ya ndani ya mfuniko ilikua imevimba kama andazi, kuirudisha kwenye mfuniko wake haiingii tena.

Yule kijana aliongezea mafuta ya pawa stelingi kwenye breki. Mafuta ya injini, ya gia, ya pawa stelingi yote hayo ni sumu kwa raba za breki, yanazivimbisha, na ndani ya masta silinda kuna kitundu kidogo sana cha kurudishia mafuta kwenye kopo ukiachia pedali, raba ikivimba inakiziba, mafuta yakipata joto yanatanuka hayana pa kwenda, ndo breki zinajikamata zenyewe. Nilibadilisha masta silinda, raba za kalipa zote, hozi zote nne na kusafisha mabomba. Kidogo niuze gari.

Jinsi ya kupima dada haihitaji mashine: chukua glasi ya maji, chota mafuta kidogo kwenye kopo la breki kwa sirinji, tone kwenye maji. Ya breki halisi DOT 3 au DOT 4 yanachanganyika na maji yanapotea. Yakielea juu kama mafuta ya kupikia basi kuna mtu kakuwekea kitu kingine. Na wewe unaeuza alizeti utayaona haraka kuliko sisi.

Ila yangu haikuachia yenyewe baada ya sekunde mbili kama unavyosema wewe. Hapo ndo naona tofauti.

SpanaKumi

Dada kabla hujatoa laki tatu na nusu nijibu haya, usinijibu kwa kukisia, nenda kakae kwenye gari uangalie:

Inapokamata, pedali unaiona inakua ngumu na juu baada ya hapo, au iko kawaida? Ulivyosimama Buigiri ulisikia harufu au joto kwenye rimu yoyote? Kwenye dashibodi kuna taa yoyote iliyomulika muda ule, hasa ile picha ya gari yenye mistari ya nyoka chini yake? Na muhimu kuliko yote, kati ya siku gari ilipokua nzima na siku ya kwanza ya tatizo, nani aliishika na alifanya nini, hata kama ni kuosha tu?

MamaWawili_Dom

@dereva_saranda asante sana kaka na pole, nimefanya hiyo ya glasi sasa hivi jikoni, mafuta yamechanganyika yote hayaelei. Raba ya mfuniko iko sawa inaingia vizuri.

@SpanaKumi kaka pedali iko kawaida kabisa, kabla na baada. Joto hapana, ile siku nilishika karibu na rimu zote nikitafuta kama nimepasua tairi, zote vuguvugu sawa. Taa ndiyo, ile ya gari yenye nyoka ilimulika mara kadhaa ikazima, mimi nilidhani ni kwa sababu gari ilitikisika. Walioishika: nilibadilisha betri mwezi uliopita, na kama siku nne kabla ya safari ile nilifungiwa kile kifaa cha GPS cha kufuatilia gari na alamu, vijana walikuja nyumbani wakafungua fungua pale katikati ya siti za mbele na chini ya usukani. Basi. Ina maana betri inaweza kufanya hivi??

SpanaKumi

Sasa tumefika mahali. Usinunue masta silinda.

Ngoja nieleze kwa kirefu maana naona humu watu wengi wanachanganya, na mafundi wenzangu wengi tunakimbilia kubadilisha vitu kabla ya kuuliza.

Breki kujikamata kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni presha iliyonaswa. Mafuta yamekwenda kwenye miguu hayarudi, kama ya ndugu wa Saranda. Hiyo inakuja taratibu, inaongezeka kadiri unavyotembea, pedali inakua ngumu, rimu zinachemka, na ukiiacha ipoe usiku asubuhi inatembea kama haijawahi kuumwa. Sababu ni raba kuvimba, au fimbo ya busta (ile inayoongezea mguu wako nguvu ukikanyaga breki) inayosukuma masta silinda imerekebishwa ndefu mno haiiachii irudi mwisho, au swichi ya taa za breki imefungwa vibaya inaishikilia pedali chini kidogo. Ikiwa mguu mmoja tu basi ni kalipa au hozi ya mpira iliyooza kwa ndani, nje unaiona nzima ila ndani nyama imechanika imekua kama vali, mafuta yanakwenda hayarudi. Kuijua ni rahisi, gari ikiwa imejifunga legeza nati mbili zinazoshika masta silinda kwenye busta, miguu ikiachia kosa ni fimbo au busta. Isipoachia legeza bomba linalotoka kwenye masta silinda, ikiachia hapo kosa ni masta yenyewe. Isipoachia bado shuka chini kwenye hozi. Ni dakika kumi na tano za kazi, hakuna sababu ya kubahatisha.

Ya pili ni gari yenyewe kuamua kukamata. Hapa watu wanasema ABS lakini ABS ya peke yake haiwezi kukamata breki usipokanyaga, kazi yake ni kupunguza presha ili tairi isiburuzike. Anayeweza ni ndugu yake, VSC, ule mfumo wa kuzuia gari isiserereke, kila kampuni ina jina lake. Huyu ana pampu yake ya umeme, akiona gari inageuka kinyume na unavyogeuza usukani anakamata mguu mmoja au miwili mwenyewe kuirudisha kwenye mstari. Ile grrrr uliyosikia ni hiyo pampu. Usukani kuvuta kulia ni kwa sababu amekamata miguu ya upande mmoja. Nyoka kumulika ni yeye anakwambia niko kazini. Na taa za nyuma hazijawaka kwa sababu kwenye magari mengi ya umri huo taa zinawashwa na swichi ya pedali, na pedali hakuna aliyeigusa. Yule kijana wa bodaboda kakupa jibu kuliko fundi wako.

Sasa kwa nini aamue vibaya? Anategemea sensa. Kila tairi ina yake ya kuhesabu mizunguko. Usukani una yake ya kujua umegeuza kiasi gani. Na iko moja ambayo wengi hawaijui, inapima gari nzima inavyozunguka na inavyolala pembeni, kiboksi kidogo cha chuma na plastiki, na kwenye minivan nyingi za Kijapani kimefungwa kwenye sakafu katikati, chini ya ile koso ya kati ya siti za mbele. Kimefungwa kwa bolti na lazima kikae flati na kielekee mbele sawasawa. Kikilegea, gari ikipita kwenye bonde kinacheza, kompyuta inaambiwa gari inazunguka wakati imenyooka, inakamata.

Dada vijana wako walifungua fungua pale pale.

Betri nayo si ya kupuuza, kuna magari ukitoa betri zile sensa zinatakiwa zisetiwe ziro upya gari ikiwa imesimama kwenye sakafu iliyo sawa. Tafuta mwenye mashine inayosoma ABS na VSC, siyo vile vidude vidogo vya bluutuu vya kuchomeka chini ya usukani, vile vingi vinasoma injini tu na vitakwambia hakuna kosa. Gari ikiwa imesimama usukani umenyooka, namba ya mzunguko isome ziro au karibu na ziro, na ya usukani hivyo hivyo. Ikicheza cheza gari imetulia, umempata.

Na mpaka hapo usiiendeshe, hata hapo Nzuguni kwenda dukani.

mtoto_wa_Majengo

Njia fupi chomoa fyuzi ya ABS tu, inazima vyote, breki zinabaki za kawaida kama magari ya zamani. Mimi natembea hivyo mwaka mzima Dodoma Kondoa hakuna shida.

SpanaKumi

Ndugu yangu, na wewe naomba uirudishe. Kwenye magari mengi ukizima ABS unazima na ule mgawanyo wa nguvu kati ya miguu ya mbele na ya nyuma. Minivan ikiwa tupu nyuma ni nyepesi, ukikanyaga ghafla kwenye lami yenye maji matairi ya nyuma yanajifunga kabla ya mbele, gari inageuka inaangalia ulikotoka. Kuisogeza kwa mwendo wa mguu mpaka gereji sawa naelewa. Kutembea nayo mwaka mzima na abiria, hapana. Na huyu dada anabeba watoto.

Mlimwa_C

Naongezea kidogo kwa wenye magari mapya mapya. Ya kwangu ina kamera pale juu ya kioo cha mbele na rada kwenye shoo. Nilipasuliwa kioo na jiwe la lori njia ya Singida, nikaweka kioo kingine, baada ya hapo gari ikawa inapiga pi pi pi inakamata breki yenyewe nikipishana na lori au nikipita chini ya daraja. Kumbe kamera ikitolewa inatakiwa isetiwe upya kwa vipimo, na stika zile za bima na zinginezo zisibandikwe mbele yake. Kwenye hiyo yangu taa za nyuma zilikua zinawaka zenyewe. Ya mama haina kamera naona, ni ya 2008, lakini kama kuna mwenye dalili ya pi pi pi aanzie hapo.

Mwl_Chamwino

Naomba niongeze jambo ambalo linafanana sana na la mama. Marekani mwaka 2013 Honda iliita kurudishwa minivan za Odyssey za mwaka 2007 na 2008, karibu 344,000, kwa shida hii hii. Ule mfumo wao wa kuzuia kuserereka, kutokana na kosa la programu, ulikua unaweza kushindwa kuseti vizuri sensa ya mzunguko na ya usukani, presha inajijenga kwenye pampu yake halafu gari inakamata breki kwa nguvu bila dereva kugusa pedali na bila taa za nyuma kuwaka. Hata watengenezaji wenyewe waliliona ni jambo la hatari. Kwa hiyo mama usikubali mtu akwambie umekanyaga mwenyewe bila kujua, wanawake tunaambiwa hivyo sana gereji.

Nisieleweke vibaya, Odyssey ile ya Marekani ni gari lingine, kubwa zaidi, si ile iliyokua inauzwa Japan ambayo ndo tunaiona huku. Mwenye Odyssey ya Japan asishtuke kwa hili. Ila magari ya Japan nayo yanaitwa kurudishwa, na kampuni zao zina kurasa za kuangalia kwa namba ya chesisi. Zimeandikwa Kijapani lakini simu inatafsiri. Ukiona chesisi yako iko kwenye orodha mwonyeshe fundi, atajua aanzie wapi.

MamaWawili_Dom

Mwalimu asante mno, maana kweli fundi wa kwanza alichoniuliza ni kama navaa viatu vya kisigino nikiendesha.

Kaka @SpanaKumi nimekuelewa. Gari iko nyumbani. Nimepata mwenye mashine yuko Area D atakuja Jumamosi yeye mwenyewe hapa hapa nyumbani. Ntarudi kuwaambia.

Kijana wa Kizota

Mkuu @SpanaKumi nimejifunza kitu leo, mi miaka yote najua ABS ndo inakamata. Tupe mrejesho dada usipotee kama wengine.

MamaWawili_Dom

Wakuu nimerudi. Samahani ni Jumatatu, mtandao ulikua unasumbua.

Fundi alikuja Jumamosi saa nne. Akachomeka mashine gari imesimama hapa uani, injini inaunguruma, usukani umenyooka. Namba ya usukani ikasoma vizuri. Namba ya mzunguko akanionyesha kwenye kioo cha mashine, inatakiwa iwe imetulia, yenyewe inaruka, mara moja, mara nne, inarudi hasi mbili, na sisi tumekaa tu kimya. Akaniambia mama funga mlango wako kwa nguvu. Nikafunga paaa, namba ikaruka mpaka kumi na kitu. Hapo hapo akasema twende chini.

Akafungua koso ya katikati. Jamani nimeona kwa macho yangu. Kile kiboksi ni kidogo, kama pakiti ya kiberiti kubwa kidogo, kimekaa kwenye kibati chake. Bolti ni mbili. Moja haipo kabisa, nyingine imelegea unaizungusha kwa vidole, na kiboksi kimelala upande kama mtu aliyeegemea ukuta. Waya wa ile GPS umepitishwa chini yake kabisa ndo umekinyanyua upande mmoja. Ile bolti ya pili tuliikuta chini ya zulia upande wa dereva imejichanganya na maganda ya alizeti.

Akatoa waya ule akaupitisha pembeni, akakiweka flati, akafunga bolti zote mbili, halafu akasema hakuna kuondoka mpaka tusete ziro. Pale uani pana mteremko kidogo kwa hiyo tulisogeza gari kwa mwendo wa mguu mpaka kwa jirani mwenye sakafu ya zege, akaseti kwa mashine, watu wote nje ya gari, hakuna kuitikisa. Baada ya hapo namba ikakaa ziro, nikafunga mlango kwa nguvu ikaruka kidogo ikarudi ziro.

Jumapili tulienda naye kuijaribu, yeye anaendesha mimi nimekaa na mashine mapajani. Tumepita ile barabara ya vumbi ya Nzuguni yenye mabonde mara tatu makusudi, tukaenda mpaka Ihumwa tukarudi. Hakuna grrrr, hakuna nyoka. Hela yote kwa ujumla elfu sabini, kupiga mashine na kazi. Na kuna mtu alitaka laki tatu na nusu ya kitu ambacho ni kizima.

Wale vijana wa GPS niliwapigia, nikawaeleza bila kugombana, nikawatumia na picha. Mwanzo walikataa, baadaye aliyefunga mwenyewe akanipigia akasema kweli bolti moja ilimdondokea gizani akashindwa kuiona, na hakujua ile ni sensa, alidhani ni kishikio cha waya. Nilimwambia arudie kuangalia magari mengine yote aliyofunga mwezi ule na akaniahidi. Hilo ndo limenitoa hofu kuliko hata la kwangu, maana alisema alifunga gari tatu za aina hiyo hiyo.

SpanaKumi

Safi sana. Nimefurahi kuliko ungeniletea mimi hiyo kazi. Sasa maliza na haya mawili: kwa safari tatu nne za kwanza usipakie madumu yakae huru nyuma, yafunge kamba, maana hata breki ya kawaida ingekuvunja mgongo siku ile. Na muombe fundi aangalie hozi za breki kwa sababu ya umri wa gari, akiwa chini huko huko.

dereva_saranda

Nimemaliza kusoma nikatoka nje kwenda kufungua koso yangu, na mimi nilifungiwa GPS mwaka juzi. Iko flati, bolti zote mbili zipo. Asante dada kwa kurudi.

Mwl_Chamwino

Mama, na yule kijana wa bodaboda?

MamaWawili_Dom

Nilimtafuta mwalimu, anapaki hapo stendi ndogo ya Nzuguni. Nilimpelekea dumu la lita tano la alizeti na nikamweleza alichoniambia kuhusu taa ndicho kilichofanya fundi ajue. Mkwaruzo ubavuni nimeuacha kwanza. Alhamisi naenda Kibaigwa, madumu yatafungwa kamba.